Neno la Mhariri: Fremu 118

Mjadala ulioibuka tulipotangaza mada ya toleo hili, video za akili unde, umenikera, kwa kuwa pande zote mbili zinagombania jambo la pembeni. Wa kwanza wanataka video za akili unde zipigwe marufuku katika kazi zote za kumbukumbu. Wa pili wanasema yatosha kuandika pembeni kwamba video imeundwa na mashine. Kile ambacho mashine inakitunga hasa, hakuna aliyekigusa.

Tuitazame Gazi, pwani ya kusini ya Kenya. Miaka ya 1970 mikoko ya ghuba ile ilikatwa kwa wingi ikawa kuni za viwandani, na mwaka 1991 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI) wakaanza kazi ya kuipanda upya. Ukiwa na picha ya tope tupu la wakati ule na picha ya msitu wa leo, programu kama Kling au Runway itakuunganishia hizo mbili kwa mpito, yaani video ya sekunde tano. Kwa fremu 24 kila sekunde, hizo ni fremu 120. Mbili ni zako. Zile 118 zimebuniwa kwa kufuata mwendo uliozoeleka katika video ambazo mashine ilifunzwa nazo: mti unachipua, unanenepa, unatanda. Hamna mwanamke aliyeinama topeni na miche yake maji yakiwa yamekupwa. Hamna mche wa mlilana uliong'olewa na wimbi, ukapandwa mwingine mahali pake. Msitu umejiotea.

Kwangu hii si dosari ndogo. Mikoko Pamoja, mradi wa wakazi wa Gazi na Makongeni ulioanza mwaka 2013, huuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, na mapato yake yamesaidia maji na shule za vijiji hivyo. Kinachouzwa pale ni miaka ya katikati yenyewe: kupanda, kulinda, kupima miti, kumzuia mwenye shoka. Video ya msitu unaojiotea inamfuta mwenye kazi mbele ya macho ya mnunuzi. Andiko la pembeni haliwezi kumrudisha, maana picha mbili za kweli zimekwisha kuzidhamini zile 118. Anayeutambua ufuo wake mwanzoni na mwishoni ataushuku vipi mwendo ulio katikati?

Maumba na Nguluku, vijiji vya Kwale vilivyopisha mgodi, hali ni nzito zaidi. Familia zilihamishwa, kampuni ya madini ya Base Titanium ikachimba kuanzia mwaka 2013 hadi Desemba 2024, na sasa ardhi inarejeshwa. Ipe mashine picha ya mashamba ya kabla ya mgodi na picha ya nyasi zilizopandwa baada yake: itakwenda kutoka kijani hadi kijani. Shimo halitaonekana kabisa, wala nyumba zilizoachwa. Mtoto wa Msambweni akionyeshwa video hiyo darasani atatoka akiamini kwamba hapakutokea kitu.

Katika katuni, ngano na video za muziki, tumieni mipito hii mtakavyo. Makala yetu ya mafunzo katika toleo hili yanaeleza namna, na yameandikwa vizuri.

Lakini kuanzia toleo hili, jarida halitachapisha wala kurusha mpito uliobuniwa kati ya picha mbili za mahali halisi, uwe na andiko au usiwe nalo. Tutaweka picha ya kwanza na mwaka wake, picha ya pili na mwaka wake, na pengo tutaliacha wazi hadi wenye ushahidi walijaze.

Nao wapo. Mliopanda Gazi, mliohama Nguluku, wavuvi wa Msambweni na Vanga: fungueni makabati. Tunataka picha za harusi, za Idi, za timu ya mpira, ambazo nyuma yake ufuo au shamba limeingia kwa bahati tu. Hata yenye ukungu, ikiwa inaonyesha miche kimo cha goti, tunaihitaji. Andikeni nyuma yake mwaka, na mpigaji alisimama wapi. Tutazitoa nakala na kuwarudishia zenu.