Askari na Mwanafunzi wa Sheria

Wako askari wanaomtazama kwa jicho la shaka kijana wa Makerere anayesomea sheria za usalama wa taifa pamoja na haki za binadamu za kimataifa. Hudhani kwamba elimu yake ni hila ya wageni ya kuwafunga mikono walinzi wa nchi. Dhana hiyo haina msingi.

Ndugu askari, mwanafunzi wa sheria amepata kutoka katika safu zenu. Benedicto Kiwanuka alivaa sare ya King's African Rifles wakati wa Vita Kuu ya Pili. Vita vilipokwisha alikuwa mkalimani mahakamani, kisha akaenda kusoma Basutoland na London, akawa wakili mwaka 1956 na Jaji Mkuu wa Uganda mwaka 1971. Mwaka 1972 aliamuru aachiliwe Mwingereza aliyekuwa amezuiliwa na wanajeshi bila idhini ya sheria. Tarehe 21 Septemba mwaka huo watu wenye silaha walimkamata mchana kweupe katika jengo la Mahakama Kuu, hapa Kampala, na hakuonekana tena. Je, askari walipata salama kwa hayo? La, hasha. Tangu mwaka 1971 wanajeshi wengi wa Acholi na Lango walikuwa wakiuawa makambini na wenzao, bila shtaka wala hukumu.

Hatusemi kwamba kazi ya ulinzi ni nyepesi. Mabomu ya Julai 2010 yaliua watu zaidi ya 70 mjini humu. Lakini ungamo lililotolewa kwa mateso halipokelewi mahakamani, na hapo mkosaji wa kweli huweza kutoka huru.

Sheria ya mwaka 2012 inayopiga marufuku mateso yamhusu askari kuliko mtu mwingine yeyote. Yatamka kwamba hali ya vita si utetezi kwa mtesaji, wala amri ya mkubwa si utetezi. Kifungo chaweza kufika miaka 15, na mateso yaliyokithiri yaweza kuleta kifungo cha maisha. Tena sheria hiyo hiyo yakataza kumwadhibu askari aliyekataa amri ya kutesa. Ni wangapi kambini waliopata kuelezwa hilo? Chini ya sheria nyingine, ya mwaka 2019, aliyevunja haki ya raia aweza kuamriwa kulipa sehemu ya fidia yeye mwenyewe. Na mkubwa aliyetoa amri kwa simu huwa hayupo siku ya kulipa.

Kiswahili ni lugha ya kambi tangu zamani, ila sheria hizi zimetungwa kwa Kiingereza. Twazitaka wakuu wa jeshi na wa polisi wawaalike wanafunzi hao Kaweweta na Kabalye, wawafafanulie makuruta sheria hizo kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, kabla hawajakabidhiwa bunduki.