Mabati yakizungushwa kwenye ploti mtaani, vijana waulize nini? Lamu wana jibu

Unaamka asubuhi moja, ploti iliyolala miaka nenda miaka rudi imezungushiwa mabati. Wiki inayofuata tingatinga limefika, na uvumi mtaani ni kwamba ghorofa 20 zinakuja. Na hapo maji ya mfereji yenyewe huja mara mbili kwa wiki, na mtaro wa majitaka hufurika mvua ikinyesha kidogo tu.

Kikundi cha WhatsApp cha mtaa kinawaka moto. Huyu anasema tuandamane, yule anajibu mwenye nguvu mpishe. Siku tatu baadaye watu wamerudia memes, na jengo linapanda.

Kabla hujakata tamaa, angalia yaliyotokea Lamu.

Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 huko Kwasasi, kwa gharama ya takriban dola bilioni 2. Serikali iliutaka mradi huo, na Septemba 2016 mamlaka ya mazingira, NEMA, ikatoa leseni.

Muungano wa makundi ya jamii, Save Lamu, pamoja na wakazi kadhaa, walikata rufaa Novemba mwaka huo mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira (NET). Juni 26, 2019, jopo lilifuta leseni. Kampuni ilikata rufaa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Malindi ikaitupa.

Sasa, wavuvi na wakazi wa kisiwani waliwashindaje watu wa mabilioni?

Wengi tunakumbuka mabango na maandamano. Ni kweli yaliifanya nchi isikize. Lakini kilichoiua leseni ni karatasi.

Jopo halikusema makaa ya mawe ni haramu. Lilisema, pamoja na sababu nyingine, kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Mikutano iliyotajwa na kampuni ilikuwa ya kuutambulisha mradi, kabla ya tathmini ya athari za mazingira kukamilika. Yaani watu waliulizwa maoni kuhusu madhara ambayo hayajaandikwa popote. Ni kama kuitwa kuonja pilau wakati mchele haujaoshwa.

Kanuni za mwaka 2003 zilizotumika katika kesi hiyo zilikuwa wazi: mabango karibu na eneo la mradi, tangazo gazetini wiki mbili mfululizo, tangazo redioni, na angalau mikutano mitatu na watakaoathirika. Kukutana tu haitoshi. Lazima watu wajue wanachokubali au kukataa.

Hapa ndipo makundi mengi ya mitaani huteleza. Tunapinga jengo likiwa limefika ghorofa ya nane, ilhali sheria inatoa siku 60 pekee za kukata rufaa mbele ya NET. Tunahudhuria mkutano, tunatia sahihi ya soda na nauli, kisha karatasi ile ile inatumika kuonyesha kwamba tulikubali.

Kumbuka pia kwamba kifungu cha 70 cha Katiba kinakuruhusu kwenda kortini kutetea haki ya mazingira safi hata kama huwezi kuonyesha kwamba wewe binafsi umepata hasara. Mpangaji wa bedsitter ana sauti sawa na mwenye nyumba.

Lakini tuambiane ukweli. Kuna kijana atasoma haya aseme: mimi sina kazi, hilo jengo lingenipa mjengo wa mwaka mzima. Hana makosa. Hata Lamu kulikuwa na waliouunga mkono mradi wakitarajia ajira. Ndiyo maana kundi linalopinga tu bila kujibu swali la kazi hugawanyika haraka. Wavuvi wa Lamu walikuwa na jibu: bahari ni kazi pia, na ikichafuka hakuna atakayewaajiri tena.

Jambo jingine, ushindi wa aina hii una mipaka. NET iliiambia kampuni kwamba ikiutaka bado mradi, ifanye tathmini upya. Mwekezaji anaweza kurudi akiwa amejipanga vizuri zaidi. Kundi linalovunjika baada ya kushangilia litamkuta amerudi.

Kwa hivyo mabati yakionekana mtaani kwenu, usianze na matusi mtandaoni. Anza na maswali haya: kibali cha kaunti kiko wapi? Leseni ya NEMA ilitolewa tarehe gani? Ripoti ya tathmini inapatikana wapi? Mkutano ulifanyika lini, nani alialikwa, na nani alitia sahihi? Piga picha za matangazo, andika tarehe, weka nakala.

Na mfanye hivyo wiki hiyo hiyo, si ghorofa ya nane.