Kuwinda Katika Nchi Usiyoijua

Vijana wawili walinijia baada ya Alasiri hapa Nkoma, wakataka niwaombee dua: wanakwenda kuwinda swala katika Pori la Akiba la Maswa, nchi wasiyopata kuikanyaga. Nikawauliza, leseni mnayo? Wakatazamana. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 yaitaka, na Serengeti iliyopakana na pori hilo haiwindwi kabisa. Mgeni ataujuaje mpaka pasipo mwenyeji? Kisha nikawasomea hadithi ya Adi bin Hatim: mnyama aliyepigwa kwa Bismillahi, akakutwa amezama majini, haliwi, kwani haijulikani kilichomuua ni mshale au maji. “Na mito ya huko, wanangu, mwaijua?” Wakaahirisha safari, wakaenda kutafuta leseni na mwenyeji.