Usione vyaelea: nyota wa imani na kamera sebuleni

Wazazi wengi tulioko huku ughaibuni, hasa wenye mabinti wa umri wa sekondari, huenda tumekwishalisikia jina la Sadie Robertson Huff bila kujua limetoka wapi. Mabinti hao humsikiliza kwenye podikasti yake, Whoa That's Good, aliyoianza mwaka 2018. Husoma vitabu vyake na kutazama hotuba zake katika makongamano ya vijana wa Kikristo nchini Marekani. Wengi wa rika hilo hawajui kuwa mhubiri wao huyu hakuanzia kanisani. Alianzia kwenye televisheni, katika kipindi cha familia ya wauza filimbi za kuwaitia bata mwitu.

Kipindi hicho ni Duck Dynasty, kilichoanza kurushwa na kituo cha A&E mwezi Machi 2012. Kiliwaonyesha akina Robertson wa West Monroe, jimbo la Louisiana: wanaume wenye ndevu ndefu, kampuni yao ya vifaa vya uwindaji, mizaha yao, na mwishoni mwa kipindi familia nzima mezani ikiomba dua kabla ya kula. Agosti 2013, sehemu moja ya kipindi hicho ilitazamwa na watu milioni 11.8, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa na kipindi cha aina hiyo katika televisheni za kulipia za Marekani. Madukani nako kukajaa fulana, vikombe na vitabu vyenye sura za familia hiyo.

Sadie, aliyezaliwa Juni 1997, alikuwa na umri wa miaka 14 kamera zilipoanza kuonyesha maisha ya kwao. Mwaka 2014, akiwa na miaka 17, alishika nafasi ya pili katika shindano la kucheza dansi la Dancing with the Stars, na mwaka huo huo akatoa kitabu chake cha kwanza, Live Original. Mwaka 2016 alionekana katika filamu ya Kikristo God's Not Dead 2. Duck Dynasty ilipofikia tamati Machi 2017, yeye tayari alikuwa na hadhira yake mwenyewe.

Hapo ndipo penye busara yake, na tunapaswa kumpa haki yake. Nyota wengi wa vipindi vya maisha halisi husahauliwa mara tu kipindi kinapokatwa, kwa kuwa jukwaa ni la kituo na wao ni wapangaji tu. Sadie alijenga nyumba yake mwenyewe: jina lake, vitabu vyake, podikasti yake, mikutano yake. Tena alilikuta soko liko tayari. Wakristo wa kiinjili wa Marekani wana wachapishaji wao, redio zao, filamu zao na makongamano yanayojaza viwanja. Soko hilo lilikuwa likitafuta sauti ya kijana inayosema na vijana wenzake, nayo ikapatikana.

Lakini wahenga walituasa: usione vyaelea, vimeundwa. Swali letu leo si kama binti huyu ni mkweli katika imani yake. Hilo ni baina yake na Mola wake. Tunachouliza ni nani hukubali, na nani hulipwa, pale maisha ya mtoto na dua zake zinapogeuzwa kipindi cha televisheni.

Hatusemi kwamba Sadie alidhulumiwa. Anaizungumzia familia yake kwa mapenzi, na Juni 2025 A&E ilipoirejesha familia hiyo hewani katika Duck Dynasty: The Revival, wiki moja tu baada ya kifo cha babu yake, Phil Robertson, yeye alikuwamo tena, safari hii akiwa mtu mzima, mke na mama. Hata hivyo, kitabu chake cha mwaka 2018, Live Fearless, kinahusu kupambana na hofu. Umaarufu wa utotoni una gharama hata kwa yule uliyemwendea vizuri.

Wapo ambao haukuwaendea vizuri. Familia ya Duggar ya jimbo la Arkansas ilianza kuonekana na kipindi chake katika kituo cha TLC mwaka 2008, nayo ikijitangaza kuwa ni mfano wa nyumba ya Kikristo. Kipindi kilifutwa mwaka 2015, baada ya kufichuka kuwa kijana mkubwa wa nyumba, Josh, alipokuwa barobaro aliwadhalilisha wasichana, wakiwamo dada zake mwenyewe. Desemba 2021 mahakama ilimtia hatiani kwa kosa jingine, la kupokea picha za udhalilishaji wa watoto, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 12. Dada yake Jill, katika kitabu alichokitoa mwaka 2023, ameeleza jinsi alivyofanya kazi mbele ya kamera kwa miaka bila malipo, na jinsi alivyowekewa karatasi ya kusaini mkesha wa harusi yake bila kujua kuwa ni mkataba wa kipindi. Aliyeshughulikia mikataba hiyo ni baba.

Ikumbukwe kuwa California ilitunga sheria tangu mwaka 1939 ya kuhifadhi sehemu ya mapato ya watoto waigizaji. Lakini mtoto anayerekodiwa akila chakula nyumbani kwao mara nyingi hakuhesabiwa kuwa mwigizaji. Ni hivi karibuni tu sheria zimeanza kulifuata jambo hili: Illinois, kuanzia Julai 2024, inamtaka mzazi anayepata fedha kwa video za mtandaoni zenye mtoto wake amwekee mtoto huyo fungu lake, na California ikapitisha sheria ya namna hiyo Septemba 2024.

Katika familia za imani, ugumu wa suala hili huzidi maradufu. Mtoto anayekataa kamera katika kipindi cha kawaida anakataa kazi. Mtoto anayekataa kamera pale alipoambiwa kuwa kipindi ni huduma ya Mungu huonekana anamkataa Mungu na wazazi wake kwa pamoja. Ni mtoto gani wa miaka 14 atathubutu?

Nasi Waswahili wa ughaibuni tusidhani mambo haya ni ya wazungu wa Louisiana peke yao. Siku hizi simu moja yatosha kuwa kituo cha televisheni, na mzazi yeyote anaweza kumweka mwanawe mbele yake akiimba kwaya, akisoma kaswida au akihubiri. Hakuna ubaya mtoto akionyesha kipaji chake. Ubaya huanza pale watazamaji wanapogeuka fedha, fedha zikawa tegemeo la nyumba, na mtoto akakosa nafasi ya kusema amechoka.

Sadie Robertson amefika mahali ambapo anachagua mwenyewe lini awashe kipaza sauti na lini akizime. Mtoto wa kwetu anayerekodiwa leo apewe walau mambo mawili: akiba iliyo kwa jina lake, na ruhusa ya kusema hapana bila kuambiwa kuwa amekosa imani.