Umejuaje?

Nilistaafu ualimu mkuu zamani, miaka sabini nimeipita, na sasa nafuga ng'ombe wawili hapa Kilolo. Lakini nina deni la darasani ambalo kiinua mgongo hakikulilipa.

Siku moja nilichora seli ubaoni: duara lenye kiini katikati, mithili ya yai. Mvulana mmoja akanyosha mkono. "Mwalimu, walijuaje?" Nikamwamuru akae, anakili. Darasa likacheka. Hakuniuliza tena mpaka alipomaliza shule.

Namjibu leo. Seli si mfuko wa maji. Ina kiunzi, kama nyumba ilivyo na fito. Sehemu ya kiunzi hicho ni mirija ya protini iitwayo tubulini, myembamba hata 40,000 ikipangwa ubavu kwa ubavu ndipo hujaza milimita moja. Ili kuiona, watafiti hutumia kingamwili. Mnyama akidungwa protini ngeni, mwili wake huunda kingamwili za kuishika. Hizo humwagwa juu ya seli, kisha huongezwa kingamwili za pili zenye rangi ing'aayo, zinazoshika zile za kwanza. Chini ya hadubini mirija huwaka kama nyuzi.

Yatuhusu nini? Muulize mfugaji aliyezika ndama kwa ndigana kali. Mwaka 1964 watafiti wa Muguga, Kenya, walieleza kuwa kijidudu chake, kinacholetwa na kupe, hugawanyika pamoja na seli nyeupe ya ng'ombe kinamoishi. Mwaka 2010 watafiti wa Bern, Uswisi, na wenzao walionyesha namna kinavyojishikiza kwenye mirija ileile inayotenganisha kromosomu. Seli ikijigawa, nacho hugawanywa. Mgeni anazaa kwa jasho la mwenyeji.

Lakini kingamwili ni shahidi tu, na shahidi huweza kukosea. Huweza kushika protini isiyo yake. Kwa hiyo mtafiti mwaminifu huweka seli nyingine asizozipa kingamwili ya kwanza. Zikiwaka nazo, ushahidi umeharibika. Akiweza, hujaribu pia seli zisizo na protini anayoitafuta. Shahidi anayemnyoshea kidole kila apitaye hafai barazani.

Walimu wenzangu husema, "Mzee, hayo ni ya vyuo vikuu. Shule zetu hazina hata hadubini." Nakataa. Hadubini hununuliwa, swali halinunuliwi. Wengine husema mtihani hauulizi hayo. Basi mtihani na ulaumiwe, asilaumiwe mtoto. Tulifundishwa chuoni kwamba mwalimu mzuri ni yule anayetawala darasa, nasi tukadhani darasa lililotawaliwa ni darasa lililonyamaza. Matunda yake ninayaona kila siku ya gulio: mtu mzima, msomi wa darasa la saba au hata kidato cha nne, ananunua chupa ya dawa ya ng'ombe kwa sababu muuzaji ameapa. Haulizi ilijaribiwa kwa nani, wala wale wasiopewa walikuwaje. Nani alimfundisha kutouliza? Sisi. Mimi.

Kijana wangu, popote ulipo, sasa nawe u mtu mzima. Swali lako lilikuwa ndilo somo la siku ile, nami mwalimu ndiye niliyefeli. Ukiwa na watoto, waache waulize.