Ukimtembelea mchumba aliye kazini, usiende kama askari

Mimi mwalimu wenu niko salama, na watoto wa P4 wameanza muhula na kelele zao zilezile.

Mwezi huu nataka tuongee juu ya jambo ambalo liko katika nyumba nyingi hapa Kyangwali, ila watu wanaliongelea kule bombani tu, kwa sauti ya chini. Ni habari ya wachumba wetu, na hata wenye ndoa, wanaotoka kwenda kufanya kazi za msimu. Tangu Julai 2023, wakimbizi tulipogawanywa makundi matatu na kundi la tatu likabaki bila mgao wa chakula, wengi wametoka. Kuko waliokwenda upande wa Jinja, kwenye mashamba ya miwa ya Kakira. Wengine wanafika mpaka Mbale wakati wa kahawa. Kwenda si kosa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 ilitupa haki ya kufanya kazi na ya kutembea nchini, na sisi wa makazini tunachukua kibali cha safari. Shida iko kwa yule anayebaki. Anabaki na simu, na maneno ya watu.

Nitawaambia yaliyonipata mimi mwenyewe. Msinicheke sana.

Mchumba wangu aliondoka Septemba pamoja na dada watatu wa kijiji chetu. Karibu na mwezi huo ndipo kahawa ya Mlima Elgon, ambao wenyeji wanauita Masaba, inaanza kuvunwa, na inaendelea mpaka Januari hivi. Inashuka mjini Mbale kwa magunia. Huko maghalani wanawake wanakaa chini wanaichambua, wanatoa punje nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Tulikubaliana aende, arudi na kitu kidogo, nami niongeze kile ninachoweka kutoka posho yangu ya kujitolea, tumalize mahari kwa baba yake kabla ya Pasaka.

Mwezi wa kwanza alipiga simu kila jioni. Wa pili, mara mbili kwa wiki. Novemba simu ikawa haipatikani. Hapo maneno yakaanza. Mama mmoja akaniambia, "Mwalimu, mwanamke akifika mjini, simu inazimika yenyewe." Mwingine akasema ati ameonekana na mwenye duka. Nikauliza, ameonekana na nani? Hakuna aliyejibu. Lakini usiku nikiamka, maneno yale nayo yanaamka.

Shule zilipofungwa Desemba nikachukua kibali, nikatoa laki moja na ishirini elfu kwenye pesa ya mahari, nikapanda gari bila kumwambia. Nilijidanganya kwamba nimemkumbuka tu. Kweli nilikuwa naenda kumfumania.

Njia ni ndefu. Nilishuka Hoima, nikaendelea Kampala, nikalala kwa ndugu. Kesho yake tulipofika Namawojjolo wachuuzi walisogeza kuku wa kuchoma mpaka dirishani, nikageuza uso. Tukapita msitu wa Mabira, tukavuka Nile kwa lile daraja jipya la Jinja lililofunguliwa Oktoba 2018. Abiria wote waliangalia maji. Mimi nilikuwa napanga maswali. Iganga, Namutumba, Tirinyi, Budaka. Mlima Wanale ulipotokea, na mji wa Mbale chini yake, nilikuwa na maswali kumi na moja.

Nikauliza njia mpaka nikafika kwenye ghala. Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana. Mzee mlinzi akanisalimia, "Mulembe!" Nikaitika mulembe, nikamwambia ninayemtafuta. Akaita jina lake ndani kwa sauti kubwa. Wanawake kama arobaini wakageuza vichwa. Mchumba wangu akatoka na vumbi mpaka kwenye nyusi, amefunga kitambaa puani. Akaniangalia, akasimama palepale mlangoni.

"Mwalimu," akasema, "nani amekufa nyumbani?"

Maswali yangu yote kumi na moja yakapotea. Nikasema hakuna aliyekufa, nimekuja kukuona tu. Akauliza, "Siku ya Alhamisi?"

Kumbe wanalipwa kwa gunia. Ukiinuka katikati, gunia lako linamaliziwa na mwingine, na pesa ni yake. Siku ile hakupata hata shilingi, sababu yangu.

Jioni akanionyesha wanapolala. Ni chumba kimoja cha wasichana wanne, karibu na mto Nabuyonga, mto huu unaoshuka kutoka Wanale na kupita mjini. Ukutani kuko mstari wa rangi ya matope, unanifika kifuani. Ni alama ya usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Julai 2022, mito ya Mbale ilipofurika, Nabuyonga ukiwemo, na watu zaidi ya ishirini wakafa. Mwenye nyumba alipaka chokaa juu yake, lakini mstari ulirudi. Chumba ni cha bei rahisi kwa ajili ya mstari ule.

Nikauliza, kwa nini hukuniambia unalala hapa? Akanijibu, "Ningekuambia, ungesema nirudi. Na nikirudi, mahari itatoka wapi?" Na simu? Kuichaji dukani ni shilingi mia tano kila mara, akaona afadhali aiweke hiyo pesa. Akafungua daftari, moja ya zile nilizompa mimi. Baada ya kodi, chakula, na kile alichomtumia mama yake, alikuwa ameweka tisini na nane elfu. Alizikusanya kuanzia Septemba. Mimi nilikuwa nimechukua laki moja na ishirini kwa safari ya siku chache, juu ya maneno ya bombani.

Sikulala usiku ule. Yule mzee mlinzi alinipa mkeka kwake, Mungu ambariki.

Ijumaa na Jumamosi yeye alikwenda kazini, nami nikafanya kile ambacho ningefanya tangu mwanzo. Niliwachotea maji. Nilitembea kutafuta chumba, mbali na mto, nikapata kimoja upande wa juu. Kilizidi kile cha zamani kwa elfu ishirini kwa mwezi, elfu tano kila msichana. Mwezi wa kwanza niliwalipia ile nyongeza. Jumapili tukahamisha magodoro, kisha tukala malewa ya mchuzi wa karanga. Hapo ndipo alipocheka mara ya kwanza tangu nifike. Akasema, "Mwalimu, leo ndiyo umekuja."

Sasa, ndugu zangu, haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, sema kwamba unakuja. Mtu wa kambini akimwona wa nyumbani ghafla, anafikiri msiba. Usimpe mpenzi wako hofu hiyo kwa ajili ya wivu wako.

Pili, ufike siku yake ya kupumzika. Kazi ya gunia haina ruhusa.

Tatu, beba chakula chako. Mimi nilikwenda mikono mitupu, nikala sahani yake. Kilo mbili za dagaa wa Ziwa Albert zingewafaa wasichana wote wanne.

Nne, angalia tarehe za uhakiki kabla ya kutoka, usije ukapoteza nafasi kwa sababu ya safari.

Tano, ukifika, angalia kwanza anapolala na anachokula. Maswali yako yatangoja. Mengine yatajijibu yenyewe.

Na wewe uliye kazini, nawe nina neno lako. Usifiche shida zako mpaka unyamaze kabisa. Mia tano ya kuchaji ni pesa nyingi, naelewa, lakini kimya chako huku nyumbani kinajazwa na wengine. Mwambie mwenzako, "Nitakupigia Jumapili tu." Jumapili moja inatosha kumlaza mtu usingizi wiki nzima.

Yeye alirudi mwisho wa Januari, mzima, amekonda kidogo. Baba yake ameuliza habari ya Pasaka. Nilikwenda mwenyewe, nikakaa mbele yake, nikamwambia mahari imesogea mpaka Agosti, na aliyeisogeza ni mimi, siyo binti yake. Mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza kama kahawa ya Mbale ni nzuri. Nikamwambia sikuionja, bei yake ilikuwa juu.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Ni mimi, mwalimu wenu.