Stika ya bima iko kiooni, lakini inamkinga nani?

Nenda steji yoyote ya tuktuk, iwe Likoni au Mtwapa, uulize nani ana bima. Wote watakuonyesha stika. Sasa uliza, tuktuk ikipinduka bima hiyo inamlipa nani? Hapo utasikia kimya, na kimya hicho ndicho kinachotutia hasara watu wa Pwani.

Wengi wetu hukata thadi pati, yaani bima ya mtu wa tatu, kwa sababu ni rahisi na inamtosha askari wa trafiki. Mkataba una watu wawili, wewe na kampuni. Wa tatu ni yule uliyemgonga, na yeye ndiye wa kulipwa. Chombo chako kikibondeka, utajijua mwenyewe. Hata huyo wa tatu ana mpaka wake. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inalazimisha kinga ya kifo na majeraha hadi shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Mahakama ikiamua zaidi ya hapo, deni lililobaki laweza kukufuata wewe.

Komprehensivu hulinda na gari lako pia, lakini usidhani utalipwa kila senti. Kuna eksesi, yaani fungu la hasara unalobeba mwenyewe. Matengenezo yakiwa elfu 80 na eksesi elfu 15, kampuni itatoa elfu 65.

Kisha kuna thamani uliyoandikisha. Gari la milioni 1 ukilikatia bima ya laki 6 ili upunguze malipo, mikataba mingi itakuhesabu umejikinga kwa asilimia 60 tu. Hasara ya laki 2 inageuka laki 1 na elfu 20, na hapo eksesi bado haijakatwa.

Usisahau matumizi. Gari lililokatiwa bima ya binafsi likikutwa limebeba abiria wa kulipa nauli, kampuni ina sababu ya kulikataa dai lako.

Wako wanaokimbilia takaful kwa kuwa inafuata sharia. Ni jambo jema, lakini nayo ni mkataba wenye masharti. Nia njema haimtoshi mtu asiyesoma alichotia sahihi.

Lakini tusimlaumu dereva peke yake. Atasomaje makaratasi yaliyojaa Kiingereza cha mawakili? Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yatakayomwezesha kufaidika kikamilifu na anachonunua. Kampuni zinazojua kututangazia kwa Kiswahili zinapotaka pesa zetu zinashindwa vipi kutuandikia masharti kwa Kiswahili hicho hicho?

Mamlaka ya kusimamia bima iko, wabunge wetu wako, na vyama vya wenye tuktuk na matatu viko. Hili walishike. Nasi, kabla ya kutoa pesa, tumuulize wakala maswali manne: nani atalipwa, eksesi ni ngapi, thamani iliyoandikwa ni ipi, na matumizi gani yameruhusiwa. Akishindwa kukujibu kwa lugha unayoielewa, funga mfuko wako uende kwa mwingine.